Kuzunguka Italia na wanadarasa wenzako: mwongozo kwa mwanafunzi atokaye kwetu

Tulikuwa watu sita na siku kumi mkononi. Tuliondoka Bologna tunakosoma, tukaenda Venezia, tukashuka Firenze, kisha Roma, tukaishia Napoli. Wanne walikuwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, mmoja Mbrazili, na mimi wa Malindi. Darasani tuko sawa, mtihani wetu ni mmoja. Njiani sivyo. Wale wanne wa Ulaya hutembea na kitambulisho kidogo cha mfukoni, mimi natakiwa pasipoti na karatasi za ukaazi. Mlangoni mwa jumba la makumbusho wao walilipa euro 2, mimi nikalipa 25. Hakuna aliyenificha jambo: wao hawakujua, na mimi sikusema mapema. Naandika haya kwa ajili ya mdogo wangu anayekuja mwaka ujao, na kwa yeyote kutoka kwetu atakayefunga mkoba na wenzake wa darasa.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya karatasi kabla hujafikiria treni

Ukija kusoma kwa zaidi ya miezi mitatu unaingia kwa viza ya aina D. Hiyo peke yake haitoshi. Ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini lazima uombe kibali cha ukaazi, kinachoitwa permesso di soggiorno. Nenda posta yenye dirisha la Sportello Amico, uombe bahasha ya fomu zake, ujaze na kurudisha hapo hapo. Stempu ya serikali ya euro 16 inauzwa kwenye maduka yenye alama ya T, yaani tabacchi. Ukijumlisha ada zote, kibali cha mwaka mmoja kinakaribia euro 120, kwa hiyo zitenge ukiwa bado nyumbani.

Posta watakupa stakabadhi, ricevuta. Usiidharau kwa kuwa ni kikaratasi. Kadi yenyewe huchukua miezi, na muda wote huo stakabadhi hiyo pamoja na pasipoti ndiyo ushahidi wako. Ipige picha, itoe nakala mbili, ile ya asili iweke kwenye plastiki na utembee nayo safarini.

Hapa kuna mtego. Viza yako ikiisha na kadi bado haijatoka, stakabadhi inakuruhusu kuzunguka Italia, lakini si kuvuka kwenda nchi nyingine za Ulaya. Tukiwa Venezia wenzangu walipata wazo la kwenda Slovenia kwa siku moja, kwa kuwa ni karibu. Wazo zuri, kwao. Nilibaki, nikaenda zangu Murano. Mtu anaweza kukwambia "twende tu, hawakagui." Wanakagua ndani ya treni na mabasi, na atakayeteremshwa ni wewe.

Kama unakuja kwa kozi fupi isiyozidi siku 90, viza yako ni ya Schengen ya muda mfupi, na utadaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Chapa cheti cha bima, usiache kwenye simu tu.

Hatua ya 2: Kaeni kikao, mseme fedha waziwazi

Fanyeni wiki tatu kabla ya safari, na msifanye kwa ujumbe wa simu. Kaeni mezani. Kila mmoja aseme anaweza kutumia kiasi gani kwa siku, tena aseme tarakimu. Kwetu tumezoea kuchangishana kwa harusi na kwa msiba, hatuoni tabu kutaja kiasi. Wenzetu wengine huona haya, basi anza wewe.

Kuna desturi ya kulipa mkahawani inayoitwa alla romana: bili inagawanywa sawa kwa vichwa. Kwa asiyekunywa divai ni hasara kila usiku. Mimi nilinyamaza siku mbili za mwanzo nikilipia chupa ambazo sikuzigusa, siku ya tatu nikasema. Walishtuka kwa kweli, wakaomba radhi, na tangu hapo vinywaji vilihesabiwa kando. Siku mbili hizo zingetosha kunilipia kitanda cha usiku mmoja.

Chagueni mweka hazina mmoja. Kila mtu atoe euro 50 za mfuko wa pamoja kwa tiketi za basi, maji na kodi ya wageni inayotozwa na miji kwa kila usiku. Mfuko ukikauka, changeni tena. Mambo makubwa kama vitanda na treni za masafa kila mtu alipe mwenyewe, kwa jina lake.

Hatua ya 3: Zijue treni, maana ndizo zitakazokula au kuokoa pesa yako

Treni za Italia ni za namna mbili kwa msafiri. Kuna zile za kasi, Frecciarossa na Italo, ambazo bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Na kuna za mikoa, Regionale na Regionale Veloce, ambazo bei yake imefungwa na umbali: ununue mwezi mmoja kabla au dakika tano kabla, ni ile ile.

Tumia zote kwa akili. Bologna hadi Firenze kwa treni ya kasi ni chini ya dakika 40, inapita chini ya milima kwa mahandaki karibu njia nzima. Ya mikoa inakaribia saa mbili na mara nyingi unabadilisha Prato. Ukinunua ya kasi mapema, tofauti ya bei huwa ndogo, basi panda ya kasi. Firenze hadi Roma ya kasi ni kama saa moja na nusu, ya mikoa huzidi saa tatu. Hapo pigeni hesabu. Sisi tulipanda ya mikoa, tukapita Arezzo na vijiji vilivyokaa juu ya vilima, na sijutii.

Sasa sikiliza sana. Tiketi ya karatasi ya treni ya mikoa lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine kidogo kilichopo jukwaani kabla hujapanda. Bila muhuri, hiyo si tiketi. Kama umenunua kwa simu, unabonyeza check-in kabla ya kuondoka. Mwenzetu Mbrazili alisahau. Mkaguzi hakupandisha sauti wala hakubishana, alimwandikia faini iliyozidi nauli yenyewe mara kadhaa. Treni za kasi hazina sharti hilo, kwa sababu tiketi yake ina treni, saa na kiti maalumu.

Jifunze pia neno sciopero, yaani mgomo. Hutangazwa siku kadhaa kabla, na siku za kazi kuna saa ambazo treni za mikoa zilizoorodheshwa lazima ziendeshwe: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Tazameni matangazo ya wiki yenu mkiwa bado nyumbani. Ikiangukia siku yenu ya kuhama mji, songezeni safari iingie kwenye saa hizo.

Angalia jina la stesheni hadi mwisho wake. Venezia Mestre iko bara, Venezia Santa Lucia ndiyo ya visiwani. Firenze shuka Santa Maria Novella. Roma ni Termini. Na kumbuka kwamba saa zao zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane: 13.05 ni saa saba na dakika tano mchana. Mimi nilikuwa nikizigeuza kichwani kwa saa ya Kiswahili, na asubuhi moja nilikosea nikakuta jukwaa tupu. Tangu hapo niliziandika kwenye daftari kama zilivyochapwa.

Hatua ya 4: Vitanda na mizigo

Hosteli za vijana zipo kila mji. Dada anayetaka chumba cha wanawake watupu aseme anapoweka nafasi, vipo lakini hujaa mapema. Zipo pia nyumba za wageni za watawa, hasa Roma, safi na tulivu, ila nyingi hufunga mlango mapema usiku. Mwenye nyumba atadai pasipoti ya kila mgeni kwa sababu sheria inamtaka apeleke majina polisi, usione ni wewe unayeshukiwa.

Chukua begi la mgongoni, achana na sanduku la magurudumu. Roma imetandikwa vijiwe, na Venezia ina madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi.

Tia leso moja ndani ya begi. Mimi nilikuwa na mbili, na hakuna kitu kilichotumika zaidi. Kanisa la Mtakatifu Petro hawamruhusu mtu mwenye mabega au magoti wazi, awe mwanamke au mwanamume. Mwenzetu mmoja alikuja na fulana ya mikanda, akarudishwa mlangoni. Nilimfunga leso mabegani na tukaingia wote. Ndiyo hiyo hiyo niliyokalia kwenye nyasi, niliyojifunika treni yenye baridi na niliyoswalia.

Hatua ya 5: Makumbusho, na bei mbili

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Majumba ya makumbusho ya taifa humtoza raia wa Umoja wa Ulaya wa miaka 18 hadi 25 euro 2. Wewe, hata ukiwa na miaka 20 na kitambulisho cha chuo kile kile, unalipa bei kamili: euro 25 kwa Uffizi ya Firenze katika msimu wa watu wengi, euro 18 kwa Colosseum.

Yapo matundu matatu ya halali. La kwanza, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi majumba ya taifa ni bure kwa wote. Foleni ni ndefu, nenda kabla milango haijafunguliwa. Tungepanga safari yetu siku nne mbele, ningeingia Colosseum bure. La pili, anayesoma usanifu majengo, akiolojia au historia ya sanaa kwenye chuo cha Italia ana haki ya kuingia bure akionyesha cheti cha kuandikishwa. Haki hii inafuata kozi. Chukua cheti hicho ofisini kwenu, kikiwa na muhuri. La tatu ni Vatikani, ambayo ni dola nyingine: makumbusho yake hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho ya mwezi, na asubuhi hiyo ni bure.

Mengi makubwa hayana kiingilio kabisa. Kanisa la Mtakatifu Petro ni bure. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, mita tano na zaidi za marumaru aliyoichonga kati ya 1501 na 1504, imo ndani ya Accademia kwa tiketi, lakini nakala yake imesimama nje uwanjani Piazza della Signoria, mahali pale pale ya asili iliposimama kwa karne tatu na zaidi. Ukiwa na pesa ya jumba moja tu Firenze, ingia Uffizi, Daudi mtazame uwanjani. Huo ndio ushauri wangu, wengine watabisha. Uffizi na Accademia zote hufungwa Jumatatu.

Colosseum na Pompei tiketi huandikwa jina. Pasipoti mkononi, na jina liandikwe kama lilivyo humo, pamoja na la babu.

Hatua ya 6: Kula

Asubuhi simama kaunta ya baa, maana baa kwao ni mahali pa kahawa. Ukisimama, kahawa ni euro moja na senti kadhaa. Ukikaa kwenye viti vya nje karibu na Mtakatifu Marko, Venezia, bei ni nyingine kabisa. Mkahawani utaona coperto kwenye bili: ni malipo ya kuketi, kwa kila kichwa, imo kwenye menyu na si wizi. Maji ya bomba yananyweka, na Roma ina vibomba vya barabarani vinavyoitwa nasoni vinavyotiririka usiku na mchana. Beba chupa.

Kwa Waislamu: nguruwe haonekani daima. Mkate wa piadina wa upande wa Bologna mara nyingi hukandwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe, hata ukijazwa jibini tu. Mchuzi wa ragù huchanganywa nyama yake, na tambi za carbonara zina guanciale, nyama ya shavu la nguruwe. Uliza "C'è maiale?" na pia "C'è strutto?", maana la kwanza likijibiwa hapana, la pili laweza kuwa ndiyo. Napoli nilikuwa na amani: pizza ya marinara ni nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni basi, na ndiyo ya bei ya chini kabisa. Huko kaskazini ukikumbuka nyumbani, agiza polenta. Ni sima, nakwambia, sima ya manjano.

Hatua ya 7: Mji kwa mji, kwa yale ambayo vitabu vya watalii havitakwambia

Venezia. Laleni Mestre, ni nafuu na treni ni dakika kama kumi. Tangu 2024 mji hutoza ada wageni wa siku moja katika tarehe maalumu kati ya Aprili na Julai. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, halipi, lakini katika siku hizo hujiandikisha kwenye mtandao wa manispaa. Boti ya vaporetto ni euro 9.50 kwa safari, basi tembeeni kwa miguu na mnunue boti mara moja tu, laini ya 1, ipite mfereji mkuu wote. Mimi nilinunua mara ya pili kwenda Murano, ambako tanuri za vioo zilihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto. Nilitaka kuona zilikotoka shanga. Karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo na Mombasa ilibeba shanga za Venezia kununulia pembe na chakula bara, na zile nyekundu zikiitwa samesame. Nilisimama mbele ya kabati la kioo nikiziangalia, mzee wa duka akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia shanga zake zilifika kwetu kabla yangu mimi kufika kwake.

Roma. Ukitoka nje ya Termini unakanyaga Piazza dei Cinquecento, Uwanja wa Mia Tano. Wenzangu walidhani ni karne. Ni askari wa Kitaliano kama mia tano waliokufa Dogali, Eritrea, Januari 1887, walipozuiwa na jeshi la Ras Alula wa Ethiopia. Kisha tembeeni hadi Porta Capena, karibu na Circus Maximus, mbele ya makao ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Jengo lile lilianzwa kuwa wizara ya makoloni ya Afrika. Mbele yake palisimama mnara wa Axum, mita 24 za jiwe, ulioletwa 1937 na kurudishwa Ethiopia mwaka 2005. Leo mnara haupo. Niliwapeleka wenzangu pale makusudi, jioni, na ilikuwa saa moja ambayo mimi ndiye niliyekuwa mwenyeji. Mmoja, Mtaliano, alisema hakufundishwa hilo shuleni. Usione haya kuongoza msafara kwenda sehemu kama hizi, ni historia yetu imesimama katika barabara zao. Anayetaka msikiti, Msikiti Mkuu wa Roma ulifunguliwa 1995.

Napoli na Pompei. Shukeni ngazi za stesheni ya Garibaldi mpande treni ya Circumvesuviana hadi Pompei Scavi, dakika kama 40. Simu iwe mfuko wa mbele. Mji wa Pompei ulifukiwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79, ni mkubwa kuliko unavyodhani na kivuli ni kidogo: kofia, maji, viatu vya soli nene. Tangu mwishoni mwa 2024 watu 20,000 tu huruhusiwa kwa siku, kwa hiyo wiki ya Pasaka tiketi inunuliwe mapema.

Hatua ya 8: Salamu, na askari

Nimekulia Malindi, ambako mtoto hujua "ciao" kabla ya kujua kusoma, nikadhani hilo latosha. Ciao ni ya rafiki. Kwa mwenye duka, mkaguzi na mzee ni "buongiorno," na "Lei," yaani wewe ya heshima, badala ya "tu," wewe ya rafiki. Usianze na ombi, anza na salamu, kama kwetu. Ukifika mlangoni kwa mtu sema "Permesso?" Ndiyo hodi yao, nawe utajibiwa "Avanti!"

Kuna jambo sipendi kuliandika lakini utalikuta. Katika stesheni moja askari wa doria walitupita sote sita, wakasimama kwangu, wakaomba karatasi zangu peke yangu. Nilikuwa nazo, ikaisha dakika mbili. Sikiliza namna ya kufanya: simama, salimia, toa pasipoti na stakabadhi, usikimbilie kueleza. Wenzako waambie mapema kwamba likitokea wasiondoke na wasigombane, wakae karibu tu. Wangu walikaa, na mmoja aliyatoa makaratasi yake mwenyewe bila kuombwa, akayashika mkononi hadi yangu yaliporudishwa.

Pasipoti ikipotea: kwanza polisi au carabinieri, ambao nao ni askari wa usalama, uandikiwe ripoti inayoitwa denuncia, kisha ubalozi. Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ubalozi Roma. Nambari ya dharura ni 112, bure kwa simu yoyote.

Hatua ya 9: Ukirudi chuoni

Funga hesabu za mfuko ndani ya siku mbili, kila senti bado ikikumbukwa. Kisha itazame ile stakabadhi na karatasi ya miadi uliyopewa nayo posta: ina siku na saa ya kwenda questura, ofisi ya polisi, kuchukuliwa alama za vidole. Iandike kwenye kalenda, nenda mapema, na picha nne za pasipoti.